Uzi: Morisi, nchi ambako Waziri Mkuu hupigwa chini jimboni kwake. Tuujadili mfumo wa kibunge wa kisiwani

Nahodha Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa katiba mpya kuna mchangiaji alidai tukipata Waziri Mkuu mwenye meno, shida zetu zimekwisha. Nilitaka kumjibu kulekule nikaona mada itapotea. Nakuja na mfano hai kutoka bahari hiihii ya Hindi, nchi ambayo sisi tunaikumbuka tu ikitajwa mambo ya kampuni za kukwepa kodi: Morisi.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2,040 kwa ujumla. Kisiwa kikuu kinaizidi Unguja kidogo tu, halafu kuna Rodrigues kule mashariki, zaidi ya kilomita 500 baharini, na Agaléga. Watu milioni moja na robo hivi. Zanzibar kwa sensa ya 2022 ina karibu milioni 1.9, kwa hiyo tunazungumzia nchi yenye watu wachache kuliko Zanzibar. Uhuru 12 Machi 1968, jamhuri 12 Machi 1992.

Rais yupo, ana ikulu na king'ora, lakini anachaguliwa na Bunge kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, si na wananchi. Serikali ni ya Waziri Mkuu. Na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya: Waziri Mkuu naye hachaguliwi na nchi nzima. Hakuna karatasi ya kura yenye jina lake kutoka kaskazini hadi kusini. Anagombea ubunge jimboni kwake, anapanga foleni ya wagombea kama mwalimu mstaafu au muuza bima anayegombea naye. Chama chake kikipata wengi, Rais anamwita yule anayeona ataungwa mkono na wabunge walio wengi, anamkabidhi serikali.

Sasa angalieni matokeo yake. Seewoosagur Ramgoolam, baba wa uhuru, mtu ambaye uwanja wa ndege unaitwa kwa jina lake, mwaka 1982 aliangushwa jimbo namba 5, Pamplemousses–Triolet. Alikuwa Waziri Mkuu aliye madarakani. Mwanawe Navin, naye Waziri Mkuu, akaangushwa jimbo hilohilo namba 5 mwaka 2014. Novemba 2024 ikawa zamu ya Pravind Jugnauth, Waziri Mkuu pia, kaanguka namba 8, Quartier Militaire–Moka.

Mawaziri Wakuu watatu walio kazini, wamekataliwa na majirani zao. Nitajieni rais mmoja Afrika Mashariki aliyewahi kuwa kwenye hatari hiyo. Rais anaweza kushindwa mkoa mzima akaendelea kula kiapo.

Hoja yangu ni hii: meno ya Waziri Mkuu wa mfumo wa kibunge yanatoka kwa wabunge na kwa jimbo, na wenye meno yao wanaweza kuyadai. Karibuni.

Dudumizi

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Mchokonozi wa Ukonga

Mkuu umeanza vizuri ila umeruka jambo. Unasema "chama kikipata wengi". Kinapataje? Maana nimesoma Novemba 2024 muungano wa upinzani ulichukua viti vyote 60 vya kisiwa kikuu. Sitini kwa sifuri! Hiyo demokrasia gani? Hata sisi tunaolalamikiwa hatujafika huko.

Nahodha Mstaafu

Mchokonozi, umegusa penyewe. Na si mara ya kwanza. Sitini kwa sifuri imetokea 1982, ikatokea 1995, ikatokea 2024. Wenyeji wanaijua kwa jina hilo hilo, "60-0", kama matokeo ya mechi.

Inatokeaje? Kisiwa kikuu kina majimbo 20, kila jimbo linatoa wabunge watatu. Rodrigues ni jimbo la 21, linatoa wawili. Jumla 62. Ukiingia kupiga kura unapewa karatasi moja ndefu yenye majina ya wagombea wote na alama za vyama: ufunguo ni Labour, chama cha kina Ramgoolam; jua ni MSM, cha kina Jugnauth; moyo ni MMM, cha Paul Bérenger; jogoo ni PMSD, cha kina Duval. Unatakiwa uweke alama tatu. Si mbili, si nne, tatu. Ukikosea idadi, karatasi yako imeharibika. Wale watatu wenye kura nyingi zaidi wanaingia bungeni.

Kampeni nzima kwa hiyo ni kumshawishi mtu asichanganye, apige "bloc", watatu wa chama kimoja. Watu wengi wakifanya hivyo, chama kinachoongoza jimboni kwa asilimia kumi tu kinazoa vyote vitatu. Kikiongoza hivyo majimbo yote 20, umepata 60-0. Mwaka 2024 muungano wa Navin Ramgoolam na Bérenger ulipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Waliobaki, karibu wapiga kura wanne katika kumi, hawakuchagua hata mbunge mmoja kisiwa kikuu.

Na inaweza kwenda kinyume. 2019 muungano wa Pravind Jugnauth ulipata asilimia 37 ya kura ukachukua viti 38 kati ya 62, kwa sababu waliobaki waligawana kura. Mtu anaongoza nchi miaka mitano na wapiga kura sita katika kumi walimtaka mwingine.

Mkenya Halisi

Wueh! Asilimia 37 na unaunda serikali peke yako? Huku kwetu lazima upite nusu ya kura zote na robo katika angalau kaunti 24. Afadhali hiyo ya kwetu bana, ingawa tunalipia kwa kwenda mahakamani kila uchaguzi.

Nilisoma Réduit

Nimeona uzi huu nikashindwa kupita kimya. Nilisoma chuo kikuu kule, kipo Réduit, si mbali na makazi ya Rais. Acheni niongeze kitu ambacho mwanzisha mada bado hajakigusa, na mimi naona ndicho kinachoufanya mfumo wao usifanane na wa Uingereza: washindwa bora.

Mnakumbuka kwenye AFCON timu iliyoshika nafasi ya tatu kundini inaweza kupenya kama mshindwa bora? Morisi wanafanya hivyo bungeni tangu 1967. Baada ya wale 62 kupatikana, Tume ya Uchaguzi inaweza kugawa viti hadi vinane zaidi kwa wagombea walioshindwa. Ila kigezo si kura tu. Katiba inawagawa wananchi mafungu manne: Wahindu, Waislamu, Wachina-Morisi, na "wananchi kwa ujumla", yaani wote waliobaki, wengi wao Wakrioli wenye asili ya Afrika na Madagaska pamoja na Wafaransa weupe. Viti vinne vya kwanza vinakwenda kwa jamii iliyopata wabunge wachache kuliko idadi yake. Vinne vya pili vinatolewa kwa kuangalia jamii vilevile, lakini kwa namna ambayo vile vya kwanza havibadilishi uwiano wa vyama.

Idadi ya watu inayotumika ni ya sensa ya 1972. Tangu hapo sensa haimuulizi mtu jamii yake tena, na hakuna mwanasiasa anayethubutu kuirudisha hiyo safu. Mgombea naye alikuwa analazimika kujaza fomu aseme yeye ni jamii gani, asipojaza jina lake linakatwa. Kuna vijana walikataa, wakaipeleka kesi mpaka Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2012 kamati ikasema haki zao zimevunjwa. Uchaguzi wa 2014 ukaendeshwa kwa sheria ya muda iliyoruhusu mgombea kuacha kujaza.

Nilipokuwa kule niliwauliza wenzangu darasani kwa nini wasiufute tu. Wengi walikuwa wanauchukia. Lakini Mwislamu mmoja alinijibu kwa mkato kwamba yeye anauchukia pia, ila baba yake hatokubali ufutwe kabla hajafa.

Mzee wa Forodhani

Vijana, nyinyi mnaisifu Morisi, hebu turudi nyumbani kidogo.

Zanzibar ilishakuwa nchi ya visiwa yenye mfumo huuhuu. Julai 1963 tulipiga kura majimbo 31. ASP (Afro-Shirazi) ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54. Viti ikaambulia 13. ZNP (Hizbu) 12, ZPPP (chama cha Shamte) 6, wakaungana, wakawa 18, Sheikh Muhammad Shamte akawa Waziri Mkuu. Kwa hesabu za bunge walikuwa sahihi kabisa. Uhuru 10 Disemba, Sultani mkuu wa nchi, Waziri Mkuu bungeni, kila kitu kama kilivyoandikwa London. Tarehe 12 Januari 1964 hakukuwa tena na Waziri Mkuu wala bunge.

Basi mtu asiniambie mfumo ni dawa. Aliyenyimwa serikali na hesabu baada ya kupata kura nyingi hakai akasubiri miaka mitano.

Binti Kizimkazi

Mzee wangu shikamoo. Umesema kweli, na wengine wetu tumelelewa na hadithi hiyo pande zote mbili. Lakini swali langu: mbona Morisi hawakufika huko? Nao walikuwa na makabila na dini zao, nao waliandikiwa katiba na watu walewale.

Mzee wa Forodhani

Marahaba mwanangu. Hilo waulize waliosoma huko, mie najua la kwetu.

Nilisoma Réduit

Binti Kizimkazi, walikaribia. Uchaguzi wa Agosti 1967 ndio ulikuwa kama kura ya uhuru. Chama cha uhuru kilishinda viti 39, PMSD ya Gaëtan Duval iliyokuwa inapinga uhuru ilipata 23, na nyuma ya hivyo viti 23 kulikuwa na zaidi ya asilimia 40 ya kura. Yaani karibu nusu ya nchi haikutaka uhuru. Januari 1968 damu ikamwagika mji mkuu, Port Louis, Wakrioli na Waislamu wakapigana, mitaa ikagawanyika, Waingereza wakaleta wanajeshi. Miezi miwili kabla ya bendera!

Kilichowaokoa kwa maoni yangu ni mambo mawili. Moja, hao washindwa bora. Mpango huo ulitoka kwenye Tume ya Banwell ya 1966, na kazi yake ilikuwa kumhakikishia mwenye wasiwasi kwamba bungeni atamwona mtu wa kwao. Zanzibar 1963 hakukuwa na kitu kama hicho cha kuziba pengo kati ya kura na viti.

Pili, mwishoni mwa 1969 Ramgoolam alimwingiza Duval serikalini. Yule aliyekuwa anapinga uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi huru. Hapo mfumo wa kibunge una raha yake: huhitaji kubadili katiba wala kuitisha uchaguzi kumwingiza mpinzani, mnakaa mnapatana, wabunge wake wanahamia upande wa serikali.

Lakini nisiwafiche upande mwingine. Serikali hiyo ya mseto ndiyo iliyousogeza mbele uchaguzi uliotarajiwa 1972, usifanyike mpaka 1976. Katikati kulikuwa na hali ya hatari, viongozi wa MMM wakawekwa ndani bila kesi, Paul Bérenger akiwa mmoja wao. Kwa hiyo ile picha ya Morisi kama malaika wa demokrasia wa Afrika ina doa la miaka minne.

Nahodha Mstaafu

Na hiyo 1976 yenyewe ni somo tosha, Réduit umenikumbusha. MMM ndiyo ilitoka ya kwanza, viti 34 kati ya 70. Labour na wenzake 28. PMSD 8. Kwa akili zetu za urais, MMM kashinda, apishwe. Kwa mfumo wao, Ramgoolam alifanya hesabu ya kawaida: 28 na 8 ni 36. Akaendelea na serikali kwa tofauti ya wabunge wawili, akaimaliza miaka mitano na ushei. Wawili! Mbunge akipata homa, mnadhimu wa chama hapati usingizi.

Mzee wa Forodhani, kwa hilo nakuunga mkono. Ni hesabu ileile ya Shamte. Tofauti ni kwamba MMM walisubiri, na 1982 wakalipiza kwa 60-0.

Mchokonozi wa Ukonga

Sawa, historia tumeipata. Turudi kwenye kazi. Serikali yenye wabunge wote, nani anaihoji? Anajiuliza mwenyewe asubuhi kwenye kioo?

Nilisoma Réduit

Hahaha. Washindwa bora tena. Baada ya 60-0 ya 2024, Joe Lesjongard, ambaye aliangushwa jimboni kwake, aliingia bungeni kama mshindwa bora na akawa Kiongozi wa Upinzani. Mtu aliyekataliwa na wapiga kura anashika kiti cha kikatiba. Inachekesha, lakini fikiria isingekuwapo njia hiyo.

Na kiti chenyewe si cha urembo. Kiongozi wa Upinzani anateuliwa na Rais kwa mujibu wa Katiba, ana mshahara wake na ofisi yake, na ana silaha moja ambayo mimi niliipenda sana: swali la dharura la Jumanne. Bunge lao hukaa Jumanne. Asubuhi ileile Kiongozi wa Upinzani anapeleka swali moja, kwa waziri yeyote anayemtaka au Waziri Mkuu mwenyewe, na saa tano na nusu Spika anamwita. Nusu saa nzima ni yake. Anauliza, anajibiwa, anachomekea la nyongeza, na la nyongeza juu ya nyongeza. Waziri amelijua swali muda mfupi tu kabla, maofisa wa wizara wanahangaika na mafaili tangu asubuhi. Tangu 2017 vikao vinarushwa moja kwa moja, kwa hiyo waziri anayebabaika anababaika mbele ya nchi nzima, na kisiwa ni kidogo, jioni atakutana na hao hao watazamaji msikitini, kanisani au dukani.

Baada ya hapo inafuata nusu saa ya Waziri Mkuu kujibu maswali ya wabunge wa kawaida.

Mchokonozi wa Ukonga

Hiyo ya pili tunayo, ile ya maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi Dodoma. Ingawa kwetu nusu ya muda inaliwa na "kwanza nikushukuru sana na nikupongeze Mheshimiwa".

Nilisoma Réduit

Hata wao pongezi zipo, kwa Kiingereza na Kifaransa. Katiba yao ya 1968 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Bunge, na mbunge anaweza kumwambia Spika maneno yake kwa Kifaransa. Krioli, ambacho karibu kila mtu anakiongea nyumbani, kikaachwa nje miaka nenda rudi. Mbunge alikuwa anaomba kura kwa Krioli Jumapili, Jumanne anahutubia kwa lugha ambayo mama yake haielewi vizuri. Kwenye hilo bunge la Kiswahili limewapita mbali.

Halafu Spika naye ana nguvu za kutisha. Kwenye bunge lililopita wapinzani walikuwa wanatolewa nje mara kwa mara, hadi ikawa mchezo wa kutazamwa kwenye simu. Hakuna kifungu kinachomlazimisha Spika kuwa mstahimilivu.

Mkenya Halisi

Niulize wakubwa. Tulikuwa na Waziri Mkuu 2008 hadi 2013, ile serikali ya nusu mkate. Tukaona ni mabwana wawili kwenye nyumba moja. Huko Rais na Waziri Mkuu hawagongani?

Nahodha Mstaafu

Hawagongani kwa sababu mmoja hana mkate kabisa.

Mfano mzuri ni Februari 2002. Bunge lilipitisha muswada wa kuzuia ugaidi, miezi michache baada ya mashambulizi ya Marekani. Rais alikuwa Cassam Uteem. Aliona muswada unawapa polisi nguvu za kupita kiasi. Katiba yao inamruhusu Rais kuurudisha muswada bungeni mara moja. Ukirudi kwake tena, kazi yake ni kusaini. Uteem hakutaka saini yake iwe pale. Hakuwa na kura ya turufu, hakuwa na kuvunja Bunge, hakuwa na chochote ila kalamu na mlango. Akatoka mlangoni. Makamu wake Angidi Chettiar akaachiwa muswada uleule mezani, naye akajiuzulu. Ikabidi Jaji Mkuu akaimu urais, akausaini, ukawa sheria.

Mwaka 2014 Ramgoolam mwana alitaka kubadili hayo. Aliungana na Bérenger kwa makubaliano kwamba yeye awe rais mwenye nguvu anayechaguliwa na wananchi, mwenzake awe Waziri Mkuu. Wakaiita Jamhuri ya Pili. Wapiga kura wakawanyima, upande wa pili ukachukua viti 47, na Ramgoolam ndipo akapoteza na jimbo. Wananchi wa kule rais mwenye mabavu hawamtaki, wameshasema kwa kura.

Dudumizi

Kahawa imeisha, nimechukua nyingine. Endeleeni.

Kalamu ya Risasi

Mimi nawasoma tangu mwanzo na naona mnapaka rangi ukuta uliopasuka. Ramgoolam baba, Ramgoolam mwana. Jugnauth baba, Jugnauth mwana. Kati yao Bérenger kwa miezi isiyofika 24. Tangu 1968 nchi ina Mawaziri Wakuu watano tu, na wanne wanatoka nyumba mbili! Na 23 Januari 2017 Anerood Jugnauth alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia mwanawe Pravind kama mtu anayemwachia kijana wake duka. Hakuna aliyepiga kura. Wenyewe waliita "deal papa-piti", mpango wa baba na mwana. Sasa hapo wananchi wana meno gani?

Nahodha Mstaafu

Kalamu ya Risasi, hoja nzito na siikimbii.

Kisheria Jugnauth hakuvunja chochote. Wananchi walichagua wabunge, wabunge ndio walimbeba baba, na wabunge haohao wakambeba mwana. Upinzani ulipiga kelele uchaguzi uitishwe, Katiba haikuwa upande wao. Ndivyo mfumo ulivyo popote ulipo. Hata Tanganyika, Januari 1962, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu wiki sita tu baada ya uhuru, Kawawa akashika, na hakuna Mtanganyika aliyepiga kura kwa ajili hiyo. Hukumuita Kawawa mrithi wa duka.

Tena utaratibu huohuo ulitumika kufanya jambo jema. Mwaka 2000 Anerood Jugnauth na Bérenger walikubaliana kabla ya uchaguzi kwamba huyu atakuwa Waziri Mkuu miaka mitatu, yule amalizie miwili. Septemba 2003 ahadi ikatimizwa. Jugnauth akaenda urais, Bérenger, Mzungu mwenye asili ya Kifaransa, akawa Waziri Mkuu wa kwanza asiye Mhindu. Kwa kura ya moja kwa moja ya nchi nzima asingepata, na nadhani yeye mwenyewe alilijua hilo.

Lakini la nyumba mbili nakupa. Kwenye kisiwa cha ukubwa ule kila mtu anamjua kila mtu, chama ni mali ya kiongozi, tiketi ya ugombea anaigawa yeye sebuleni kwake. Mbunge mwenye meno mbele ya serikali anakuwa kibogoyo mbele ya kiongozi wa chama. Hilo mfumo wa kibunge haulitibu, pengine unalizidisha, maana anayegawa tiketi ndiye huyohuyo atakayeunda serikali.

Wakili wa Mtaani

Niongezee sheria kidogo maana naona watu wanauliza "wabunge wakimchoka inakuwaje".

Bunge likipitisha azimio la kutokuwa na imani na Serikali, Waziri Mkuu ana siku tatu. Ama anajiuzulu, ama Rais anamwondoa, isipokuwa kama Bunge limevunjwa, hapo wote wanarudi kwa wananchi. Ndiyo maana azimio lenyewe ni nadra kufaulu: mbunge anayeliunga mkono anajua anaweza kuwa anapigia kura ajira yake.

Kinachowaumiza zaidi ni kuhama. Tanzania na Kenya mbunge akihama chama anapoteza kiti. Morisi hapana. Mbunge anavuka ukumbi na kiti chake mgongoni. Wanawaita "transfuge", si neno la heshima. Kwa hiyo serikali ya mseto kila siku inahesabu vichwa. Mseto wa 1982, pamoja na kuwa na viti vyote 60, haukufikisha mwaka: Machi 1983 Bérenger aliyekuwa Waziri wa Fedha na wenzake wakajitoa, Agosti ukafanyika uchaguzi mwingine. Ule wa 1995, sitini vilevile, ukavunjika 1997. Wabunge wote upande mmoja maana yake upinzani unazaliwa ndani ya nyumba.

Jambo jingine ni robo tatu. Vifungu vikubwa vya Katiba vinahitaji kura za robo tatu ya wabunge wote. Disemba 2016 serikali ilileta muswada wa kuanzisha chombo juu ya Mwendesha Mashtaka Mkuu. PMSD iliyokuwa ndani ya mseto ikakataa, kiongozi wake Xavier-Luc Duval akaacha unaibu waziri mkuu, akahamia kuwa Kiongozi wa Upinzani, robo tatu ikayeyuka na muswada ukafa. Kizuizi hicho ni kizuri sana, ila kukiwa na 60-0 hakipo. Walioshinda 2024 waliingia na zaidi ya robo tatu mfukoni.

Na kifungu cha kwanza cha Katiba, kinachosema Morisi ni nchi ya kidemokrasia, hakiguswi bila kura ya maoni ya robo tatu ya wapiga kura wote na kura za wabunge wote bila kubaki hata mmoja. Ukishindwa yote, rufaa ya mwisho bado inakwenda London, kwa majaji wa Baraza la Faragha (Privy Council). Kesi ya uchaguzi dhidi ya Pravind Jugnauth ya 2019 iliamuliwa huko Oktoba 2023, akashinda. Mwaka mmoja baadaye wapiga kura wa namba 8 wakatoa hukumu yao, isiyokatiwa rufaa.

Mkenya Halisi

"Isiyokatiwa rufaa" 😂 Wakili umeua.

Mchokonozi wa Ukonga

Na ile ya kuzima mitandao? Nilisikia siku chache kabla ya uchaguzi walifunga Facebook na wenzake.

Nilisoma Réduit

Kweli. Zilivuja sauti za simu zilizorekodiwa kwa siri, za wanasiasa, maofisa, waandishi. Mwanzoni mwa Novemba 2024 ikatoka amri mitandao ya kijamii ifungwe mpaka siku moja baada ya uchaguzi. Haikumaliza hata siku mbili, ikafunguliwa. Wagombea wa chama tawala ndio waliokuwa wanaumia zaidi, maana kila mmoja alikuwa anagombea jimbo lake na kila mlango anaobisha anaulizwa. Sehemu ya zile asilimia 60 na ushei za wapinzani najua ilitoka wapi.

Ila hata hawa walioingia hawajapendwa muda mrefu. Bajeti ya Juni 2025 ilitangaza umri wa pensheni ya uzeeni usogezwe taratibu kutoka 60 hadi 65, watu wakaingia barabarani. Wingi wa wabunge ulipitisha bajeti. Wabunge walioipitisha watarudi kuomba zile alama tatu kwa wazee haohao.

Binti Kizimkazi

Nina swali moja la mwisho kisha nikapike. Huyo Waziri Mkuu akiangushwa jimboni, si anaweza kurudi kama mshindwa bora? Chama kinamchagulia yeye kiti cha kwanza, basi yamekwisha.

Nilisoma Réduit

Hapana dada, na hapo ndipo hesabu haina adabu. Chama hakichagui. Tume inaangalia jamii ipi imepungukiwa, halafu inamchukua aliyefanya vizuri zaidi kwa kura kati ya walioshindwa wa jamii hiyo. Kama jamii yako ina wabunge wa kutosha, hata uwe nani unabaki nyumbani. 2024 viti vya washindwa bora vya muungano ulioshindwa vilikwenda kwa Lesjongard na Adrien Duval. Kiongozi wao Pravind Jugnauth akabaki nje, anaangalia bunge kwenye televisheni kama mimi na wewe.

Ramgoolam baba naye 1982 hakurudi kwa mlango huo. Alikaa pembeni mwaka mzima na zaidi, mpaka Disemba 1983 serikali mpya ya Anerood Jugnauth, aliyeongoza upande uliomwangusha, ilipompeleka Réduit kuwa Gavana Mkuu, kwenye kile cheo kisicho na mkate.